Barasa na Gari la Sita

Shemeji yangu Barasa aliendesha gari mara moja tu maishani, kule Jinja, Uganda, akaligonga tangi la maji la mwajiri wake. Maji yalimwagika siku nzima, na bata wa jirani wakahamia hapo. Tangu siku hiyo hakushika usukani tena, wala hakuna aliyemwomba ashike. Hata hivyo, ukimuuliza mtu yeyote aliyekuwa Mbale mwaka wa sabini na tatu ni nani aliyeokoa mashindano ya magari, atakutajia Barasa, kisha atacheka, kisha atageuka kuona nani anasikiliza. Siku hizo za serikali ya jeshi tuligeuka sana. Shingo yangu mimi haijarudi sawa mpaka leo.

Barasa ni mdogo wa mume wangu, kitinda mimba wa mama yao kule Bungoma. Alikwenda Jinja mwaka wa sitini na tano akitafuta kazi kiwandani, akaipata kwenye gereji ya Mhindi mmoja aitwaye Narendra, kazi ya kuosha vipuri. Huyo Narendra na rafiki yake Jasvinder, Kalasinga mwenye karakana ya mbao, walikuwa na ugonjwa wa mbio za magari. Usifikiri ni magari ya ajabu. Ni yale yale waliyopelekea wake zao sokoni. Jumapili waling'oa viti vya nyuma, wakafunga namba za bati mlangoni, wakakimbizana kwenye barabara za mashamba ya miwa mpaka huwezi kumtofautisha Mhindi na Mwafrika kwa vumbi.

Kazi ya Barasa siku hizo ilikuwa kona. Hakuna aliyempa kazi hiyo. Alichagua kona mbaya kuliko zote, akasimama hapo na gunia la kupungia. Na kwa sababu alisimama pale pale kila Jumapili, aligundua jambo. Watu walikuja mara moja tu. Walikula vumbi, wakasikia kelele, wakaondoka na macho mekundu, na Jumapili iliyofuata walibaki nyumbani. Basi akaanza kuwagawia magari.

"Wewe dada," alimwambia mwanamke aliyekuja kuuza miwa, "lako ni namba nne, lile la bluu. Anayeendesha anaitwa Ajit. Akipita, mwite kwa jina."

"Mimi nimwite Mhindi ambaye simjui?"

"Utamjua akipita."

Ajit alikuja wa mwisho. Yule mwanamke akagombana na kila mtu aliyesema ni wa mwisho; akawaambia karabureta yake ilikuwa mgonjwa, neno alilokuwa amelisikia dakika kumi tu kabla. Jumapili iliyofuata alikuja na dada yake, na dada naye akadai gari lake.

"Hakuna mtu anayependa vumbi, shemeji," Barasa aliniambia. "Watu wanampenda mtu aliye ndani ya vumbi."

Mimi jambo lililonifanya nimheshimu ni jingine. Aliwafundisha wageni mahali pa kusimama: upande wa ndani wa kona, juu ya kingo, kamwe si nje, kwa sababu gari likishindwa kukata kona hutoka nje. Aliyebisha alimbeba. Nilimwona kwa macho yangu, siku moja nilipokwenda Jinja kumtembelea, akimbeba mzee mzima mwenye fimbo, na mzee akimpiga na fimbo hiyo kichwani, na Barasa akimweleza huku akipigwa kwamba kila gari lina watu wawili, mmoja anaendesha na mwingine anamsomea njia.

Mwaka wa sabini na mbili Wahindi walipewa siku tisini waondoke. Narendra alimsamehe lile tangi kabla ya kupanda basi. Jasvinder alimkabidhi gunia lenye namba za bati, moja mpaka thelathini, akamwambia, "Wewe ndiye utajua za kumpa nani." Barasa akaja kwetu Mbale, kwenye eneo la viwanda, na sanduku moja la nguo na gunia la namba, akalala kwenye viti vya sebule yangu.

Sasa nieleze mimi. Mimi niliuza maharage na mihogo ya kukaanga nje ya gereji ya Matia, mita mia kutoka nyumbani. Nilikuwa na mume, binti mmoja aitwaye Roselyn, na sebule moja. Usiku sikulala nikifikiria wanajeshi wakiingia na kukuta namba thelathini chini ya kiti. Nitawaambia ni nini? Ni za magari. Magari gani? Hayapo, afande. Nani angeniamini?

Kwa kweli magari yalikuwepo manne. Matia, Mgisu mwenye gereji, ndiye aliyebaki na chama cha mbio baada ya Wahindi kuondoka, na chama chenyewe kilikuwa gari lake, gari la binamu yake, na mengine mawili yaliyokuwa yakisubiri vipuri. Barasa akamshika Matia kama kupe. Wakaenda wote wawili kwa Afande Marjan, aliyekuwa na mamlaka juu ya barabara zetu, kumwomba aifunge barabara ya Nakaloke Jumamosi moja ya mwezi wa nane.

"Magari mangapi?" afande akauliza.

"Manne, afande," akasema Matia.

"Manne ni maiti anapelekwa kaburini. Mimi siwezi kufunga barabara kwa ajili ya maiti. Leta sita. Jumamosi saa nane mchana nitakuja kuhesabu mwenyewe. Yakiwa sita, mnakimbia, na nawapa kibali cha mwaka mzima. Yakiwa matano, chama kimekufa. Na nisisikie tena habari yake."

Mume wangu naye, aliposikia, akaweka sharti lake. "Barasa, Jumamosi hiyo ikipita bila mashindano, unarudi Bungoma kuchunga ng'ombe wa baba. Una miaka thelathini na nne. Hivyo viti si vyako."

Ndani ya moyo wangu nilikuwa nimeshaifagia sebule.

Gari la tano lilipatikana kwa siku mbili. Zubairi, muuza nyama, alikuwa na Morisi iliyonuka utumbo. Barasa hakumwambia habari za mbio. Aliwaambia wateja wake kwanza. Zubairi akashangaa kila anayenunua mafigo anamuuliza, "Jumamosi tukushangilie tukiwa wapi?" Siku ya pili akaja mwenyewe gereji, mikono kiunoni.

"Nani amesema mimi nakimbia?"

"Watu," akasema Barasa.

"Basi nipe namba. Gari yangu haiwezi kuaibika mbele ya watu ya nyama."

Gari la sita lilikuwa la Alfayo. Alfayo alikuwa Mjaluo wa Kisumu, mtu mpole, mwenye pikapu ya Pijo aliyosambazia mikate kutoka Mbale mpaka Busiu. Alijulikana kwa mwendo wake. Baiskeli zilimpita. Watu wa Busiu walisema mkate wake hutoka Mbale ukiwa wa leo na kufika ukiwa wa jana. Kila asubuhi alikula maharage kwangu, na Barasa akakaa naye kila asubuhi, akimwonyesha breki za Pijo, akimsifu kwamba anaijua barabara ile shimo kwa shimo. Akamwambia hata wa mwisho anahitajika, kwa kuwa bila wa mwisho hakuna wa kwanza. Jumatano Alfayo akakubali. Alhamisi nikamwona anakoroga chai bila kuinywa.

"Shemeji," nikamwambia Barasa, "huyu anakutoroka."

"Hatoroki. Kesho namfunga kwa njia ya kwetu."

Njia ya kwetu ni hii. Sisi Wabukusu, na Wagisu wa Mbale ambao ni ndugu zetu, kijana wetu anayetaka kutahiriwa hujitangaza mwenyewe. Hufungwa njuga, hupakwa unga wa wimbi, huzungushwa kwa wajomba na mashangazi akicheza, na kila nyumba humpa kitu. Akishatangaza, hawezi kugeuka. Barasa aliona kwamba dereva mgeni anahitaji kitu hicho hicho: wajomba wa kumpa petroli iliyokuwa imeadimika, tairi la akiba, kamba ya kuvutia gari, na watu wengi wa kumfanya aone aibu kurudi nyumbani. Akawakusanya mashabiki wake thelathini hivi, wengi wao wateja wangu, akaazima njuga. Alfayo hakuambiwa. Barasa alitaka iwe furaha ya ghafla.

Jambo ambalo Barasa hakulifikiria, kwa kuwa akili yake ilikuwa imejaa kona, ni mwaka. Tohara yetu huja mwaka mmoja, hupumzika mwaka unaofuata. Sabini na mbili ilikuwepo, sabini na nne ingekuwepo. Sabini na tatu ulikuwa mwaka wa kupumzika. Njuga zikilia mwaka wa kupumzika, kila mtu Mbale anaelewa kitu kimoja: kuna mwanamume mzima aliyekuwa akikikwepa kisu, na leo amekamatwa.

Ijumaa saa nne asubuhi Alfayo alikuwa na kijiko mdomoni njuga zilipolia. Thelathini wakatokea nyuma ya gereji wakiimba. Mmoja akamwaga unga juu ya boneti ya Pijo, mwingine akampaka Alfayo usoni. Wanawake wa barabarani, wasiojua habari za mbio, wakapiga vigelegele.

"Wamemkamata mkubwa!" akapaza sauti mmoja. "Jamani, njooni, ni yule wa mikate!"

"Yule? Na watoto wote wale?"

"Si Mjaluo? Atakuwa hajawahi!"

Naye kweli alikuwa hajawahi, kwa sababu kwao zamani waling'oa meno ya chini na sehemu nyingine zote za mwili waliziacha zilivyo. Kijiko kikaanguka. Nikamwona anamtazama Barasa, na Barasa anacheka kwa upendo, anamfunga njuga mguuni, anamwambia, "Usiogope, ndugu yangu, ni dakika chache tu, kila mwanamume anapita hapa!" Na wakati huo huo Matia akatoka gerejini kutoa zawadi yake ya mjomba, tairi begani, na mkononi kisu kirefu alichokuwa akikatia mpira.

Nilifungua mdomo. Mimi ambaye huona kila balaa kabla halijavaa viatu, safari hii nilichelewa.

Alfayo aliruka meza yangu. Maharage yalikwenda upande mmoja na masufuria upande wa pili. Akaingia kwenye Pijo, akaiwasha, na gari ambalo lilikuwa halijawahi kuingia gia ya nne likaingia zote nne kabla ya kufika barabara ya lami. Njuga mguuni mwake zililia kila alipokanyaga klachi. Mikate ilitoka nyuma mmoja mmoja. Alikata kona ya ghala la pamba kwa magurudumu mawili, na Barasa, Mungu amsamehe, alisimama katikati ya aibu ile na kusema polepole, "Umeona alivyoshika kona?"

Kwenye hiyo kona, mbele ya duka, Afande Marjan alikuwa anakunywa soda. Alikuja kwetu kwa miguu, chupa mkononi, unga wa wimbi kwenye kofia yake. Watu thelathini walipungua wakawa wanne. Sikuona walivyoondoka.

"Wewe! Hiyo gari nani anaendesha?"

Barasa akasimama wima. "Namba sita, afande. Anafanya mazoezi."

Afande aliitazama barabara. Vumbi la Alfayo lilikuwa bado linatua huko mbali. "Huyo," akasema, "huyo nataka kumwona kesho. Asipokuja huyo, sitahesabu hata wengine. Na wewe ndiye nitakuuliza yuko wapi." Akampa Barasa chupa tupu ashike, akaondoka.

Hapo ndipo nilipoacha kufikiria sebule. Siku hizo mtu akiambiwa "ndiye nitakuuliza", mama yake huanza kutafuta nguo nyeusi.

Mchana ule ule tulikwenda Busiu kwa baiskeli, Barasa akikanyaga na mimi nyuma, namba sita ya bati imefungwa kwenye gunia mapajani mwangu. Alisema nisipokwenda, Alfayo atampiga na jeki. Nilimwambia atakuwa na haki. Tuliokota mikate saba njiani.

Alfayo alikuwa amejifungia chumbani kwake, Pijo imefichwa kwenye shamba la mahindi nyuma ya nyumba, majani juu yake.

"Nani?" akaita.

"Mama Roselyn, wa maharage."

"Uko na nani?"

"Niko na mpumbavu mmoja. Kisu hana."

Mlango ukafunguka kiasi cha jicho. Nilimweleza yote: njuga, wajomba, mwaka wa kupumzika, kisu cha Matia cha kukatia mpira. Nilieleza mara mbili. Alikuwa bado na unga kwenye nyusi.

"Kwa hiyo mlikuwa mnanipa tairi?" akasema.

"Tairi, petroli nusu debe na kamba," akajibu Barasa.

"Ndugu, kwa nini hukusema *tairi*?"

Barasa, mtu wa jibu la kila kitu, alikaa kwenye ngazi, akaitoa ile namba sita kwenye gunia, akaanza kuifuta vumbi kwa shati lake, polepole, kama unavyomfuta mtoto kamasi kabla ya kumpeleka mbele za watu. Hakuomba wala hakueleza habari za afande. Mimi ndiye niliyezieleza.

Alfayo alisikiliza. Kisha akasema, "Leo nilipokuwa nakimbia, mpaka Busiu sikuona hata ng'ombe mmoja. Nina uhakika walikuwepo. Kesho nikikimbia tena nitaua mtu. Nitakuja, lakini nataka mtu wa kukaa pembeni anayeogopa. Sitaki shujaa. Nataka mwoga kabisa, anayeona kila kitu."

Wakanigeukia wote wawili.

"Mimi ni mama wa mtu," nikasema.

"Ndiyo maana," akasema Alfayo.

Nikawaambia nina miguu mibovu, nilisoma mpaka darasa la nne tu, na gauni langu halifai. Barasa akasema, "Shemeji, miaka minane nawagawia watu magari, na wewe sijawahi kukupa la kwako. Nilidhani hutaki." Akaniwekea ile namba mikononi. Nilitaka kumpiga nayo. Lakini ukweli ni kwamba tangu nizaliwe, woga wangu ulikuwa kitu cha kunyamazishwa. Mume wangu huuzima kama taa. Sasa hapa kulikuwa na watu wawili waliouhitaji.

Jumamosi saa nane kasoro dakika tano Afande Marjan alipita mbele ya magari akihesabu kwa fimbo. Matia, moja. Binamu yake, mbili. Yale mawili yaliyosubiri vipuri, yaliyokuja yakiwa yamekopeshana plagi, tatu na nne. Zubairi, tano. Kisha akafika kwetu.

"Sita. Na huyu mama?"

"Ndiye macho, afande," akasema Alfayo.

"Mama, huogopi?"

"Naogopa sana, afande."

"Vizuri," akasema, akarudi kivulini. Kibali kilikuwa mfukoni mwake. Niliona pembe yake.

Sitakudanganya kwamba tulishinda. Kwenda Nakaloke na kurudi nilipiga kelele bila kupumzika. "Shimo kulia! Kuku! Mbuzi, mbuzi, amefungwa, pita! Daraja jembamba! Mwanamke na mtungi! Punguza, punguza nakuambia, huko mbele nyasi zimelala, kuna mtu ametoka nje!" Na kweli gari la binamu ya Matia lilikuwa mtaroni, nyasi zimelala njiani mwake, mwenyewe amekaa juu ya paa anatupungia. Alfayo alifanya nilichosema. Morisi ya Zubairi iliishiwa maji mbele ya kanisa, naye akawa anagombana nayo kwa Kiarabu. Tulimpita Zubairi. Nilimwona anatutazama, nikampungia mkono, na katika maisha yangu sikumbuki raha nyingine ya aina hiyo.

Kona ya mwisho ilikuwa ya Barasa. Watu aliowakusanya walikuwa wengi kuliko siku ya soko, wote upande wa ndani, juu ya kingo, walivyofundishwa. Kila kundi lilikuwa na gari lake. La kwangu lilikuwa wateja wa maharage, sahani za bati mikononi, wakizigonga. "Mama Roselyn! Mama Roselyn!" Na Roselyn mwenyewe katikati yao, akilia na kucheka. Barasa mbele kabisa, gunia juu.

Tulikuwa wa nne. Afande akakitia kibali sahihi juu ya boneti yetu iliyokuwa bado na unga kwenye nyufa. Akamkabidhi Matia karatasi, akasema mwezi ujao anataka kuona magari manane, haya hayatoshi.

Matia alishika kichwa. Barasa hakuwa anamsikiliza. Alikuwa ameegemea mlango wa gari la afande, Datsun nyeupe, akiupapasa kwa kiganja.

"Afande," akasema, "hii breki zake zikoje?"

"Nzuri. Kwa nini?"

"Watu wamekuwa wakiniuliza."

"Watu gani?"

Nilishuka kwenye Pijo, nikaenda kutafuta masufuria yangu yaliyoruka jana yake. Jioni hiyo mume wangu alikuta gunia la namba limetolewa chini ya viti na kutundikwa ukutani kwa msumari, mahali ambapo palikuwa na picha yetu ya harusi. Akaniuliza ni nani aliyefanya hivyo. Nikamwambia namba saba na namba nane zitahitajika, na chini ya viti kuna unyevu.